Mkwe Asiyeonja

Mtu akiniletea chupa nyumbani, kabla sijasema ahsante namtazama mikono. Si ukorofi, ni kazi iliyonilea. Miaka mingi nilisimama nyuma ya kaunta ya baa ndani ya kambi moja ya mgodi upande wa Geita, na huko nilijifunza mambo mawili: kuchanganya vinywaji vya Kizungu kama wenyewe wanavyovitaka, na kutomwamini mtu anayesema "hii ni halisi" kabla hata hajaulizwa. Nimeona chupa ya wiski iliyojazwa chai ya rangi. Nimeona jini iliyoongezwa maji ya kisima, na aliyeiongeza akiapa kwa jina la mama yake mzazi.

Kazi ilipokwisha nilirudi Kahama, kwenye nyumba yangu ya Nyahanga. Ufundi nilirudi nao kichwani, vyombo vikabaki kambini. Kwa hiyo kinywaji nakitikisia ndani ya kopo la siagi ya karanga lenye mfuniko wa kubana. Chujio ni la chai. Kipimo ni kile kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi. Barafu nanunua kwa jirani, zile za mifuko, nazivunja kwa mchi. Wanaonicheka wacheke, kwa sababu wakishapewa bilauri wananyamaza.

Vinywaji vya kambini nilivijua kama sala, lakini nilichoka kuvirudia vilevile. Nikaanza kuviharibu kwa makusudi. Daikiri yao ni ramu, ndimu na sukari. Mimi nikatoa ramu, nikatia pombe kali ya mananasi inayotoka kiwanda kimoja kidogo upande wa Geita, na badala ya sukari nyeupe nikayeyusha sukari guru. Ilitoka na ladha ya nanasi lililochomwa kidogo jikoni. Mara ya kwanza nilitikisa kichwa peke yangu mezani, nikasema haiwezekani kitu kizuri hivi kisiwe na kasoro, nikakitengeneza tena nipate kuikamata. Sikuikamata.

Gongo, hata hivyo, siligusi. Chupa isiyo na stempu ya kodi na lebo yenye jina la mtengenezaji haivuki kizingiti changu, hata ije na malaika. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mchimbaji wa mashimo madogo. Akipata dhahabu alikunywa kwa furaha, asipopata alikunywa kwa uchungu, na siku moja wenzake wakamrudisha amelala juu ya godoro ndani ya pikapu. Aliacha binti mdogo. Mimi ndiye shangazi, nikamchukua. Watoto wa wenzangu walikanywa wasicheze barabarani. Wangu nilimkanya asije akaniletea mlevi. Nilimwambia hivyo kabla hajajua hata maana ya kuolewa. Nilikuwa nimemzika baba yake kwa pombe na sikuwa tayari kumzika yeye kwa pombe ya mume.

Alikua, akaokoka, akaingia kwaya, akawa mwalimu wa chekechea. Keki ikipakwa ramu haigusi. Mimi nikitikisa kopo langu yeye anaimba mapambio kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida, tukaishi hivyo kwa amani.

Kisha akaja na dereva wa lori.

Kijana alikuwa mrefu, msafi, kucha zimekatwa. Kazi yake ilikuwa kupeleka mchele wa Kahama hadi pwani na wakati mwingine kusini kabisa au Kagera, na kurudi na chochote kilichopatikana. Akaingia ameinamisha kichwa kwa sababu mlango wangu ni mfupi, akasema shikamoo shangazi, nikaitikia marahaba, na kabla hajakaa akanikabidhi kitu kilichofungwa kwa kipande cha gunia. Nikafungua. Pombe kali ya ndizi kutoka Kagera, stempu ipo, lebo imenyooka.

"Nimesikia shangazi ni fundi wa kuchanganya," akasema.

"Umesikia kwa nani?"

Akamtazama binti. Binti akatazama sakafu.

Sasa, kwetu pombe ina adabu yake. Anayeileta ndiye anayeionja kwanza. Unapiga funda moja mbele ya mwenyeji, unameza, unaonekana umemeza, ndipo unakabidhi. Ni kusema: kama humu mna kitu, kinianze mimi. Mtoto wa Kisukuma hafundishwi jambo hili, analiona tu tangu akiwa mgongoni. Wasiokunywa nao wana njia yao: wanagusisha mdomo tu, au wanakuja na ndugu wa kuwaonjea. Kwa hiyo nikamimina kidogo kwenye kibilauri, nikamsogezea.

"Samahani shangazi," akasema. "Leo naendesha."

Nikamwacha. Dereva asiyekunywa akiwa kazini ni jambo la kushukuru. Alipoondoka niliijaribu ile pombe kama ninavyozijaribu zote: nikaimimina kwenye kisosi cheupe nione rangi yake, nikasugua tone kiganjani, nikangoja, ndipo nikaionja kwa ncha ya ulimi. Haikuwa na neno. Nikaitengenezea kinywaji kile cha wiski na limau chenye povu, ila limau nikaliacha, nikatia maji mazito ya ukwaju na ute wa yai, nikatikisa hadi mkono ukauma. Kilikuwa kizuri mno. Kitu kikikosa kasoro ndipo wasiwasi wangu unapoanza.

Safari ya pili alileta ile ya mananasi ninayoipenda. Nani alimwambia naipenda? Ilifungwa kwenye gunia tena, na safari hii nilipoikung'uta zilidondoka pumba za mpunga. Nikajiuliza: chupa moja ya zawadi, halali, yenye stempu, kwa nini isafiri imefukiwa ndani ya mzigo? Kwenye kabini kuna nafasi ya kulaza mtu mzima. Anamficha nani? Kama si polisi, basi ni nani? Nikammiminia aonje.

"Naendesha, shangazi."

Safari ya tatu alitoka kusini, akaja na pombe kali ya mabibo, ile inayotengenezwa kwa tunda la mkorosho, harufu yake inakufikia kabla ya chupa. Nilifurahi kama mtoto, kwa sababu nilikuwa nimeisikia tu sijawahi kuishika. Nilishaanza kuitungia kinywaji kichwani: tangawizi iliyotwangwa, ndimu, barafu nyingi ya kuituliza. Lakini asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimepita gereji nikienda sokoni, na lori lake nikaliona kwa macho yangu, limeinuliwa kwa jeki, magurudumu ya nyuma yamefunguliwa, fundi amelala mvunguni mwake. Nikammiminia, nikamsogezea.

"Samahani shangazi, naendesha."

"Unaendesha nini, mwanangu? Ungo?"

Binti aliangusha kijiko. Kijana alicheka, lakini jasho lilimtoka puani, na hakukuwa na joto. Aliaga mapema. Kinywaji cha mabibo nilikitengeneza hata hivyo, nikakinywa kwa hasira, na nakiri kilikuwa na nguvu ya kuamsha wafu.

Basi nikaanza kumchunguza kwa bidii. Nilipanga mawazo yangu kama mtu anayechambua mchele. Labda ana dawa ya mapenzi ndani ya zile chupa, ya kunilainisha nikubali. Lakini stempu hazikuguswa, na mimi stempu iliyobanduliwa na kubandikwa tena naijua. Labda ananidharau, anaona pombe ya mikononi mwa mwanamke ni uchafu. Lakini mbona anazileta? Labda ana mke huko pwani, na hiyo haina uhusiano wowote na kuonja, lakini niliiweka kwenye orodha ya shaka zangu kwa sababu ni dereva. Ulevi ulinipitia kichwani, nikautoa. Walevi niliwauzia maisha yangu yote. Mlevi ninayemjua mimi hasogezewi kibilauri akakirudisha. Ulevi nilijua unavyotembea, na huyu hakutembea hivyo.

Jioni moja nilimuuliza binti moja kwa moja, tukichambua mboga.

"Huyu mwenzio mbona haonji?"

"Mimi pia sionji, shangazi. Mbona hunishuku?"

"Wewe huleti chupa."

Akanyamaza. Mimi namjua, akinyamaza huwa ana kitu.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," nikamwambia. "Kama kuna jambo, liseme sasa."

"Hakuna jambo," akasema, na majani mazuri akayatupa kwenye takataka, mabovu akayatia sufuriani.

Nikampigia simu kaka yangu mkubwa wa Tinde. Yeye ndiye baba mkubwa wa binti, mzee wa ng'ombe, maneno yake machache na hayarudiwi. Nikamweleza yote: gunia, pumba, jeki. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Aje na chupa, mimi nitakuwepo. Aonje mbele yangu. Akikataa, arudi alikotoka, na mtoto aambiwe siku hiyohiyo." Nikasema sawa. Nilipokata simu nilijisikia vibaya kidogo, lakini kidogo tu.

Siku yenyewe kaka alifika mchana na fimbo yake. "Mwadila," akasalimia pale mlangoni, nikaitikia, akaketi kwenye kiti anachokipenda. Kijana alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, na mkononi ana pombe kali ya asali kutoka upande wa Ushirombo. Gunia lilelile. Nikaipokea nikaenda nayo jikoni, nikafanya kazi yangu kwa uangalifu kuliko siku zote, kwa sababu nilitaka kama kuna uovu usiwe umetoka kwangu.

Nilitengeneza negroni, lakini ya kwetu. Ile ya kambini ni jini, divai nyekundu tamu yenye mitishamba, na ile pombe nyekundu chungu ya Waitaliano. Mahali pa jini nikaweka hii ya asali. Mahali pa divai yao nikaweka divai tamu ya Dodoma niliyoiloweka mdalasini na karafuu. Na uchungu niliutoa kwenye maganda ya balungi, niliyoyachemsha na choya, yale maua mekundu ya juisi, hadi maji yakawa mekundu na ulimi ukakunjamana. Sikutikisa. Kinywaji hiki hukorogwa polepole, barafu ikizunguka. Nikakitia kwenye bilauri moja kubwa, kwa sababu kaka hapendi vibilauri vya miguu na siku kama ile kinywaji kinatembea mkono kwa mkono.

Nikakibeba hadi sebuleni, nikampa kijana.

Kaka akasema, taratibu kabisa, "Onja, baba. Kisha unipe."

"Baba mkubwa, mimi..."

"Leo huendeshi. Nimeuliza. Umekuja kwa bodaboda."

Kijana alishika bilauri kwa mikono miwili. Alinitazama. Hakuwa na macho ya mtu aliyekamatwa. Alikuwa na macho ya mtu anayetazama shimo ambalo alishawahi kutumbukia. Kisha akafumba macho akainua bilauri.

"Usinywe!"

Alikuwa binti. Alitoka jikoni mikono ina unga, akapita mbele ya baba yake mkubwa bila kuinama, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe, akaichukua bilauri mikononi mwa yule kijana. Akainywa. Si kugusisha mdomo. Alipiga funda zima, la kwanza maishani mwake, likamkwama, akakohoa hadi machozi, akameza. Kisha akasimama wima.

"Nimeonja mimi," akasema. "Kama kuna kitu, kinianze mimi."

Nikasikia redio ya jirani.

"Kwa nini wewe?" nikauliza, na sauti yangu sikuipenda.

"Kwa sababu yeye akionja haishii kuonja, shangazi. Alikuwa mlevi. Ameacha. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza, aliniambia mwenyewe kabla hajaniambia kitu kingine chochote."

Nilihisi damu imenipanda kichwani. Nilikuwa na haki ya kushuku, ila shaka zangu zote zilikuwa zimekosea mlango. Alikuwa anaficha, ndiyo. Na alichokuwa anaficha ndicho kile kimoja nilichomkanya mtoto tangu hajaota meno ya ukubwani. Nikamgeukia kijana nikamuuliza, kwa ukali, kama mtu aliyeacha pombe anabeba chupa kutoka Kagera hadi Kahama, anatudanganya sisi au anajidanganya yeye.

Alijibu akitazama mikono yake. "Ndiyo maana nilizifukia, shangazi. Kwenye kabini siwezi kukaa nayo. Naiweka chini kabisa ya magunia, ili nikiitamani njiani nilazimike kushusha mzigo wote."

"Na ukazileta za nini?"

"Nilimwambia mimi," binti akasema. "Nilijua ukisikia ni mtu aliyeacha pombe, hutasikiliza neno la pili. Nikasema akuletee unachokipenda kwanza, akujue, umjue, halafu tuseme. Kila mara tulikuwa tunataka kusema. Na wewe kila mara ulikuwa unamtazama mikono."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Alikuwa amesimama vile baba yake alivyosimama akigombana, kidevu juu, isipokuwa hakuyumba. Nilimwona mdogo wangu yuko hai sebuleni kwangu, na nikaona haya kwamba nilimlea mtoto wake kwa hofu kiasi kwamba ukweli ulilazimika kupita kwangu umefungwa gunia.

Kaka yangu akagonga fimbo sakafuni mara moja.

"Anayeonjea mtu amejifunga naye," akasema. "Ng'wanawane, mwanangu huyu, amejifunga. Mimi sina la kuongeza." Kisha akanitazama. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Ipokee bilauri au iweke chini."

Alikuwa na maana yake na sote tuliielewa. Nikiiweka chini, kijana anatoka, na binti, kwa jinsi alivyosimama, anatoka naye. Nikiipokea, namkabidhi mtoto wa marehemu kwa mtu mwenye ugonjwa wa marehemu, ambaye leo ni mzima na kesho hakuna anayeijua. Hakuna stempu ya kubandika kwa binadamu. Hakuna kisosi cheupe cha kumwaga mtu ukaona rangi yake.

Nikamuuliza kijana swali moja. "Ungekunywa kweli?"

"Ningekunywa," akasema. "Ili nisimkose."

"Basi usirudie tena kuwa tayari kunywa," nikamwambia. "Hata kwa ajili yake. Hata mimi nikikuamuru."

"Sawa, shangazi."

Nikanyoosha mkono kwa binti, nikaichukua ile bilauri yenye alama za vidole vya unga, nikanywa. Watu hupenda kuniuliza ladha ya vinywaji vyangu, na nina maneno ya kila kimoja. Cha siku ile siwezi kukueleza. Nilimeza, nikampa kaka, nikasema, "Ni njema," kama desturi inavyotaka, na binti akakimbilia jikoni kusukutua mdomo huku akimwomba Mungu msamaha kwa sauti.

Walioana. Bado nachanganya, ila kijana akiwa ndani kabati limefungwa na ufunguo uko pindoni mwa kanga yangu. Chupa haleti tena. Nikitaka kitu humwagiza ndimu za safari au sukari guru. Sijui kama nimemwamini. Watu husema imani huja polepole. Yangu inakuja kwa miguu, na inasimama kila kijiji.

Yeye ndiye aliyetafuta njia ya kunituliza, wala hatukuwahi kuizungumza. Kila akirudi safari hupitia kwangu kwanza kabla hajafika kwake. Anaingia ameinamisha kichwa, anasema shikamoo shangazi, halafu anazidi kuinama, mtu mrefu vile, hadi uso wake unakuwa sawa na wangu, na ananipulizia pumzi taratibu, bila haya. Mimi nanusa hadi niridhike. Ndipo naitikia marahaba.